Mji mzima kitabu kimoja: mwongozo kamili wa kuanzisha msimu wa kusoma Kigoma Ujiji

Wazo lenyewe halina mambo mengi. Mnachagua kitabu kimoja, mji mzima unakisoma ndani ya kipindi kimoja, maktaba ya umma ndo mwenyeji, alafu watu wanakaa kukijadili kule kule walipo, sokoni, mwaloni kwa wavuvi, kijiweni, barazani. Hii kitu ilianzia Seattle kule Marekani mwaka 1998, mkutubi anaitwa Nancy Pearl na wenzake pale maktaba ya jiji ndo walioianzisha, mwandishi wa kitabu akaalikwa kuja kuongea na wasomaji, mwaka 2001 Chicago nao wakaingia na miji mingi ikafuata. Sioni kwanini Kigoma isiwezekane. Maktaba ya mkoa ipo, watu wa kubishana mpaka usiku tunao, na sensa ya 2022 imetuhesabu zaidi ya laki mbili kwenye manispaa. Kinachokosekana ni kitabu kumfikia mtu na yeye akimaliza kukisoma apate wa kuongea naye.

Hilo la mwisho mlishike sana. Mtu anamaliza kitabu kizuri saa sita usiku, asubuhi anatafuta wa kumwambia hampati, kitabu kinachofuata anakisoma kwa uvivu, cha tatu hafungui. Msimu wa kusoma kazi yake ni kuhakikisha asubuhi hiyo anakuta mwenzake kijiweni naye kakisoma. Mengine yote humu chini ni njia za kufika hapo.

Hatua ya 1: Kamati ndogo na barua mbili (Januari)

Watu sita au saba wanatosha, wakizidi hapo vikao vinakuwa vya kuahirisha tu. Awepo mkutubi wa mkoa au mtu wake, mwalimu wa Kiswahili wa sekondari, mtangazaji wa redio ya hapa mjini, mtu wa Ujiji, mtu wa mwaloni (Kibirizi au Katonga), na mtu anayeaminika na vijana wa bodaboda. Huyu wa Ujiji msimwache hata kidogo, maana mambo mengi ya mji wetu yanapangwa Kigoma mjini alafu Ujiji wanaambiwa waje, na mtu hawezi kulipa nauli ya kwenda na kurudi kwa ajili ya kuazima kitabu.

Barua ni mbili kwasababu wenye mamlaka ni wawili. Maktaba za mikoa ziko chini ya Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania, bodi hii ilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1963 na makao yake yako Maktaba Kuu ya Taifa Dar, kwahiyo mkutubi wenu hata akipenda wazo lenu kiasi gani kuna mambo lazima aombe kibali juu, kama kufungua siku ya sikukuu au kutoa kopi nyingi nje ya jengo. Mpeni barua mapema ili aipeleke. Ya pili inaenda kwa Mkurugenzi wa Manispaa, nakala kwa afisa utamaduni na maafisa elimu wa msingi na sekondari. Mkiwa na barua iliyogongwa muhuri wa manispaa, wenyeviti wa mitaa hawatawasumbua, bila hiyo kila mtaa mtaanza kujieleza upya.

Hatua ya 2: Tarehe

Mimi napendekeza 7 Julai mpaka 8 Septemba. 7 Julai ni Siku ya Kiswahili Duniani, UNESCO waliitangaza mwaka 2021, na kwetu ni Saba Saba watu hawapo kazini. 8 Septemba ni siku ya kimataifa ya kisomo. Katikati ni wiki tisa kamili, na zote ni kiangazi, hakuna mvua ya kuwafukuza watu waliokaa chini ya mwembe. Halafu huku kwetu jua linachelewa kuzama kuliko Dar, mwezi wa saba saa moja kasoro jioni bado unaona maandishi vizuri, kwahiyo kikao cha saa kumi na moja hakihitaji taa.

Vitu vya kuangalia kwenye kalenda:

- Darasa la saba wana mtihani wao Septemba, msiwabebeshe mzigo, waacheni.
- Nane Nane maafisa wengi wanakuwa maonyesho ya kanda kule Ipuli, Tabora, msipange kitu kinachomhitaji mgeni rasmi siku hiyo.
- Ijumaa mchana hapana, Jumapili asubuhi hapana. Jumamosi baada ya laasiri inafaa wengi ila Wasabato ni wengi mkoa huu, kwahiyo kila kituo kiwe na chaguo la Jumapili jioni au siku ya katikati ya wiki.
- Wavuvi wa dagaa wanafuata mwezi. Wanavua kwa taa usiku wa giza, mbalamwezi ikiwa kali hawaingii ziwani, basi vikao vya mwaloni vipangwe zile siku za mwezi mkubwa, msiwape ratiba ya kila Jumamosi, haiwezekani kwao. Na mwaka 2024 uvuvi Ziwa Tanganyika ulisimamishwa kuanzia 15 Mei mpaka 15 Agosti, ulizeni idara ya uvuvi mwaka wenu ikoje, maana ziwa likifungwa watu wapo nchi kavu lakini mfuko umekauka, msiwatoze hata mia.

Hatua ya 3: Kuchagua kitabu

Hapa msiwe na haraka, tengeni Februari yote. Kitabu kikikosewa hata mngekuwa na pesa za kutosha hakuna kitakachokaa sawa.

Kwanza kiwe cha Kiswahili. Najua watapatikana watu wa kusema tuweke cha Kiingereza watoto wajifunze, hapana, tunataka mama wa soko la Mwanga asome na mwanae wa kidato cha pili wakae meza moja wakibishana, na lugha inayowakutanisha hao wawili inajulikana. Pili kiwe kifupi, kurasa 80 mpaka 150, herufi zisiwe za kuumiza macho. Tatu kiwe kinapatikana, yaani mchapishaji yupo hai na anaweza kuwapa kopi 200, maana kuna riwaya nzuri sana za zamani ambazo leo ukizitafuta unaambiwa zimeisha tangu enzi hizo.

Nne, na hii kwangu ndo kubwa kuliko zote, kiwe kinagawa watu. Msichague kitabu ambacho kila mtu atakubaliana nacho. Vitabu vya mafunzo ya wazi, vile vya mtoto mtiifu akafanikiwa na mkorofi akaangamia, vinaisha kujadiliwa ndani ya dakika tano. Mnataka hadithi ambayo mhusika amefanya jambo na nusu ya kijiwe inasema alikuwa sahihi na nusu inasema alikosea, na kila upande una hoja. Tuseme kuna mzee ameuza kiwanja cha familia bila kumshirikisha mkewe, lakini ameuza ili kumtibu mtoto. Peleka hiyo stori Gungu uone kama watu watalala.

Wapi pa kutafuta: muulizeni mkutubi vitabu gani vinaazimwa sana, waulizeni walimu, alafu angalieni washindi wa Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu na wa ile tuzo ya Safal-Cornell ya fasihi ya Kiswahili. Chukueni vitabu vitano, kila mwanakamati asome vyote, vibaki vitatu, alafu hivyo vitatu kura ipigwe na watu. Sanduku maktabani, sanduku sokoni, na redio wapokee simu. Kura inasaidia kuchagua lakini zaidi inaanza kutangaza, mtu aliyepiga kura atataka kujua kimeshinda kipi.

Epukeni kitabu cha dini yoyote na kitabu chenye harufu ya chama. Na msome mpaka ukurasa wa mwisho kabla ya kupeleka shuleni, kuna riwaya zinaanza taratibu alafu katikati kuna mambo ambayo mzazi wa mtoto wa miaka 13 hatawasamehe. Kama kitabu cha watu wazima kinafaa lakini watoto hapana, tafuteni kingine kidogo cha watoto chenye jambo linalofanana, msimu uwe na kaka na mdogo wake.

Hatua ya 4: Mchapishaji na hakimiliki

Machi andikeni kwa mchapishaji, wengi wako Dar. Ombeni vitu vitatu kwa barua moja: bei ya jumla kwa kopi mnazotaka, ruhusa ya kusoma sura kadhaa redioni, na kama mwandishi yupo, uwezekano wa yeye kuja au kuongea kwa simu siku ya kufunga.

Steshenari mjini zitawashawishi mtoe fotokopi kitabu kizima. Msikubali. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inamlinda mwandishi na kutoa kopi kitabu kizima kugawia watu bila ruhusa ni kosa, na mkiwa hamna uhakika na jambo lolote wa kuulizwa ni COSOTA, yaani Ofisi ya Hakimiliki Tanzania. Lakini hata ukiacha sheria, mwandishi wa Kiswahili anaishi kwa shida, mji mzima ukisoma kazi yake bila yeye kupata shilingi tutakuwa tumemwonea, na siku ya kufunga hamtakuwa na uso wa kumwalika. Kusoma redioni nako ni hivyo hivyo, ruhusa iwe ya maandishi.

Hatua ya 5: Mahesabu

Msiogope idadi ya watu wa mji. Anzeni na kopi 200. Kila kopi ikikaa kwa mtu wiki mbili, ndani ya wiki nane imesomwa na watu wanne na wiki ya tisa ni ya kukusanya, kwahiyo hapo ni wasomaji 800, na nyumbani kwa kawaida kitabu hakisomwi na mtu mmoja. Tuseme bei ni shilingi 10,000 kopi moja, hiyo ni milioni mbili. Ongezeni usafirishaji, stika, karatasi za maswali, nauli za viongozi wa vituo na spika ya siku mbili.

Pesa zitoke kwa watu wengi kidogo kidogo. Duka la jumla kopi kumi, chama cha ushirika wa wavuvi kopi kumi, msikiti, parokia, benki, mtu aliyezaliwa Ujiji anaishi Dar kopi tano. Atakayelipia apate jina lake kwenye stika ndani ya jalada, inatosha. Pokeeni kopi kuliko taslimu, yaani yeye alipe moja kwa moja kwa mchapishaji mpate risiti, maneno ya nani kala pesa hayatapata pa kuanzia. Jalada la mbele libaki safi, mfadhili asiweke tangazo lake juu yake, na mgombea wa nafasi yoyote msichukue kitu chake.

Hatua ya 6: Kitabu kitoke nje ya jengo

Maktaba ibaki na kopi 60, nyingine 140 zigawanywe vituo 14, kumi kumi. Kituo ni mahali ambapo watu tayari wanakaa, msiunde mahali papya. Saluni, kijiwe cha bodaboda, ofisi ya kata, baraza la msikiti, jumuiya, zahanati pale kina mama wanapongoja kliniki, gati la Kibirizi ambapo abiria wa boti za vijiji vya kaskazini wanangoja boti ijae. Hakikisheni Ujiji ina vituo vitano kwa uchache.

Kila kituo kinapewa mfuko wa turubai, ndani yake kuna vitabu kumi vimevalishwa nailoni ngumu, daftari moja la mistari, kalamu mbili zimefungwa kamba, karatasi ya maswali iliyopigwa laminesheni, na kadi yenye namba ya mkutubi. Kila kitabu kimeandikwa namba kwa maka ukurasa wa kwanza na kwenye ukingo, mfano KIB 4, ni cha Kibirizi namba nne. Daftari lina safu nne tu: namba ya kitabu, jina, simu, tarehe ya kurudisha. Msiongeze umri, kazi, kabila, elimu, watu wakiona fomu ndefu wanadhani wanaandikishwa kwenye kitu kingine wanaondoka.

Kukubaliana na maktaba kuhusu uanachama ni muhimu hapa. Ombeni kwamba kwa kitabu hiki kimoja mtu aazime bila kuwa mwanachama, dhamana awe kiongozi wa kituo. Kopi zingine zitapotea, hesabuni hivyo tangu mwanzo na msimwaibishe mtu, kitabu kilichovuka kwenda Kagunga na abiria kitasomwa na watu wa Kagunga.

Hatua ya 7: Viongozi wa mjadala

Kiongozi mzuri siyo lazima awe msomi. Namtaka mtu anayesikilizwa na anayejua kunyamaza. Walimu tunawaheshimu sana lakini wengine wakishika kikao wanaanza kufundisha, wanauliza maudhui na fani, na mvuvi wa miaka 50 akiona anaulizwa maswali ya mtihani hatarudi. Wafundisheni viongozi wote 14 kwa siku moja pale maktabani mwezi wa sita, asubuhi waeleweshwe utaratibu, mchana wafanye mjadala wenyewe kwa wenyewe juu ya kitabu chenyewe, ambacho lazima wawe wameshakimaliza.

Maswali yawe matano tu na yote yaanze na mtu, yasianze na kitabu. Kwa ile stori ya kiwanja yangekuwa hivi: Wewe ungekuwa yule mama ungefanya nini siku unapogundua? Je mzee alikuwa na njia nyingine? Nani kwenye hadithi hii hakupewa nafasi ya kusema? Kwetu hapa jambo kama hili linamalizwaje? Kuna ukurasa gani ulirudia kuusoma? Hilo la mwisho msilifute, mtu akifungua kitabu akaanza kuwasomea wenzake kipande alichokipenda, kikao kimeshafanikiwa.

Chukua kwa mfano Kibirizi ziwa likiwa limefunguliwa. Asubuhi kina mama wameshaanika dagaa, kazi iliyobaki ni kugeuza na kulinda ndege, mikono inapumzika kidogo kidogo lakini mtu hawezi kuondoka. Hapo asitokee wa kuwaambia twendeni ukumbini. Anakaa mmoja anayesoma vizuri, anasoma kurasa nne tano kwa sauti, akiona wameinuka kugeuza dagaa anasimama, wakirudi anauliza swali moja, mama mmoja anajibu huku anafukuza kunguru, mwingine anamkatalia kutoka kichanja cha pili, na wanaume wanaoshona nyavu pembeni wanaingilia bila kualikwa. Dakika arobaini. Hawa wanahesabika wasomaji kamili hata kama hakuna aliyeshika kitabu mkononi.

Masharti ya kikao yawe machache: anayeongea asikatishwe, vijana waongee kabla ya wazee kwa sababu mzee akishasema kijana wa kwetu hapingi, na simulizi za ndani ya nyumba ya mtu zibaki hapo hapo.

Hatua ya 8: Redio, na wanaosoma kwa masikio

Kuna watu hawajui kusoma, kuna wasioona, kuna wenye macho yaliyochoka, na hawa ni wa mji huu huu. Redio isome kipande cha dakika kumi na tano mara mbili kwa wiki, saa ambayo watu wamekaa, baada ya taarifa ya habari ya usiku ni nzuri, na marudio asubuhi. Msomaji awe mtu mwenye sauti ya kusimulia, asiwe anatangaza. Alafu mara moja kwa wiki simu za wasikilizaji kwa swali moja. Rekodi hizo hizo, kama ruhusa mliyopewa inafika huko, ziwekwe kwenye simu ya kila kiongozi wa kituo awachezee wanaohitaji. Magrupu ya WhatsApp yapo na yatumike kukumbusha vikao, ila mjadala wenyewe msiuhamishie huko, wenye simu za tochi mtakuwa mmewafungia mlango.

Hatua ya 9: Shule

Kidato cha kwanza mpaka cha tatu ndo wenu. Cha nne wana mtihani wa taifa Novemba, atakayependa aje mwenyewe. Omba kila shule klabu ya kusoma wanafunzi 20 na kopi tano kutoka zile za maktaba. Pasiwe na maksi wala zawadi kwa aliyemaliza kwanza, mashindano ya kasi yanawafundisha kuruka kurasa. Kinachofaa ni kumwambia mwanafunzi aende nyumbani amsomee mtu mzima sura moja, arudi na alichosema yule mtu mzima.

Hatua ya 10: Siku tatu za hadhara

Saba Saba uzinduzi, uwe mfupi. Hotuba mbili, kila moja dakika tano, alafu watu watatu wasome kurasa ya kwanza kwa zamu: mtoto, mama, mzee. Mifuko ikabidhiwe vituo hapo hapo mbele ya watu.

Mwanzoni mwa Agosti fanyeni mdahalo mkubwa, Kigoma mjini dhidi ya Ujiji, juu ya lile swali gumu kuliko yote. Huu nawahakikishia utajaza watu.

8 Septemba kufunga, mwandishi akiweza kuja msimpe meza kuu na maua ya plastiki tu, mkalisheni katikati, maswali yatoke vituoni, kila kituo swali moja lililoandaliwa wiki moja kabla. Asipoweza kuja, simu iliyounganishwa na spika inafaa kabisa, jaribuni sauti siku moja kabla.

Baada ya hapo

Wiki hiyo hiyo kusanyeni mifuko, mkutubi ahesabu kopi zilizorudi, hesabu za madaftari yote 14 zijumlishwe mpate idadi ya walioazima, na kila kiongozi aandike nusu ukurasa: kikao gani kilijaa, kipi hakikuja mtu, watu walibishania nini. Karatasi moja ya matokeo iende kwa mchapishaji, kwa Mkurugenzi na kwa kila aliyelipia kopi kabla mwezi haujaisha. Kopi kumi zibaki rafuni maktabani, nyingine zipelekwe shule za sekondari na wilaya nyingine ndani ya mkoa, Kasulu, Uvinza, Kibondo, wakitaka kuanza wao. Madaftari yenye namba za simu yafungiwe maktabani asipewe mtu wa biashara wala wa siasa. Kwenye kikao cha kamati cha Oktoba kila mtu aje na vitabu viwili mkononi vya kupendekeza kwa mwaka unaofuata, akiwa ameshavisoma.